Misonobari Niliyoihesabu Garhoud

Katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na ushei nilifanya kazi kwenye nyumba moja ya Al Garhoud, karibu sana na uwanja wa ndege, kiasi kwamba ndege zikishuka vikombe vilitetemeka kabatini. Niliajiriwa kumtunza mama mmoja mzee. Binti yake, ambaye nilimwita madam, alikuwa fundi wa injini za ndege, na zamu zake hazikuwa na mpangilio. Wiki hii anatoka alfajiri, wiki ijayo anarudi alfajiri. Kwao ni Mexico. Mama alikuwa amehamia kwa bintiye mwaka mmoja kabla yangu, macho yake yalipoanza kumwacha.

Hakuwa kipofu. Alinieleza siku ya kwanza kwamba pembeni anaona, ila katikati ya kila kitu pamekaa wingu. Akitaka kuniona uso, alitazama sikio langu, au pazia lililokuwa nyuma yangu. Kwa wiki nzima nilikuwa nageuka kuangalia nani mwingine ameingia chumbani.

Kumwita madam kungetuchanganya, kwa kuwa madam tayari alikuwepo. Aliniuliza kwetu mtu aliyefundisha maisha yake yote huitwaje akizeeka. Nikamwambia huitwa Mwalimu, akistaafu ni Mwalimu, hata akifa wanasema Mwalimu amefariki. Alilitamka neno mara mbili tatu, polepole, kama anayeonja mchuzi.

"Basi niite hivyo," alisema.

Tulizungumza Kiingereza, chake kimoja na changu kingine, na kwa kuwa sote wawili tulikiazima hakuna aliyemcheka mwenzake.

Nilipofika ilikuwa Juni. Anayejua Dubai anajua Juni ni nini. Mlango wa nje ukifunguliwa hewa inakusukuma kifuani kama mkono wa mtu. Basi tulikaa ndani, mapazia yamefungwa, mashine ya baridi ikinguruma toka asubuhi hadi asubuhi, na mchana wote ulikuwa na rangi moja ya asali. Katika mwanga huo ndimo nilimojifunza mambo ya mlima ambao sijawahi kuukanyaga.

Chumba cha nyuma kilikuwa na masanduku. Madam aliniambia nisiyasogeze, kwamba ni kazi ya zamani ya mama, na sauti yake ilinionyesha kwamba angefurahi siku moja yakitoweka. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenifungulia la kwanza. Ndani yake mlikuwa na mbao fupi zilizochimbwa mifereji, na ndani ya kila mfereji kimegundishwa kijiti kimoja cha mti, chembamba kuliko penseli, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Niliuliza kama ni vijiti vya kuchomea udi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alinieleza. Kuna msumari mrefu wenye uwazi ndani, unauzungusha kwa mikono miwili mpaka ufike moyo wa mti, kisha unavuta kijiti hiki. Mti haufi, unaziba kidonda kwa ulimbo na kuendelea na maisha yake. Yeye alifanya hivyo kwa miaka mingi kwenye safu moja ya milima mikavu ya kwao, akipanda na punda, akilala kwenye hema. Vijiti vya nusu ya miti ile alikuwa amevisoma. Nusu nyingine ilikuwa ikingoja macho yake yalipomwishia. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mwalimu pia, alikuwa huko nyumbani akisubiri hesabu ile ili amalizie kazi yao.

"Wewe unasoma?" aliniuliza.

Nikasema nimemaliza kidato cha nne.

"Sina maana hiyo. Una subira ya kutazama?"

Alinipa kipande cha msasa.

Kila mchana, akishakula na kunywa dawa zake, tuliingia chumba kile. Nilipiga msasa kijiti kimoja, taratibu, msasa mkali kwanza kisha laini, mpaka mti ukang'aa kama kucha. Vumbi lake lilinukia. Vijiti vile vilikuwa vimetolewa mitini miaka mingi nyuma, lakini ulimbo ulikuwa bado mle, na ukiusugua unaamka. Harufu ilijaa chumba, ikatoka ukumbini, na madam akirudi kutoka kazini alisimama mlangoni na viatu mkononi, akavuta pumzi. Baadaye niliambiwa kwamba utotoni mwake mama yake alikuwa akirudi kutoka milimani akinukia vile.

Kisha nilikiweka kijiti chini ya hadubini na kuhesabu. Sehemu nyeupe ni majira mti unapokunywa. Mstari mweusi ni mti ukifunga duka. Mweupe na mweusi pamoja ni mwaka mmoja. Kila mwaka wa kumi nilitoboa kitundu kwa sindano, nisipotee. Mwaka wenye mvua unakuwa mpana kama utepe wa nywele. Mwaka wa ukame unakuwa uzi. Mwalimu alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha bembea, macho amefumba, nami nikimsomea: mpana, mpana, wa wastani, uzi, uzi, mpana. Aliitikia kwa kichwa. Wakati mwingine, nikifika mahali penye nyuzi tatu zikifuatana, alisema kabla sijasema. Alikuwa na orodha ya miaka myembamba kichwani mwake, kama watu wengine wanavyokuwa na nyimbo za kanisani.

Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kukaa Garhoud, ndege zikipita juu ya paa, akiwa amelowa mvua iliyonyesha kabla bibi yake hajazaliwa.

Katikati ya kuhesabu alinitembeza mlimani. Alianza chini, kwenye nyasi na miiba, pakavu kama hapa. Ukipanda kidogo unakutana na mialoni ya kwanza, mifupi, majani yake madogo, magumu, hayaanguki yote kwa pamoja. Mbegu yake ni kama kokwa iliyovaa kofia. Kuna ndege wa buluu wanaookota mbegu hizo na kuzifukia ardhini kila mahali ili wale baadaye, na zile wanazozisahau ndizo zinazoota. Ila haziwezi kuota juani. Lazima kichaka kingine kizishike chini ya kivuli chake kwa miaka ya mwanzo, kama mtoto mgongoni. Ukiendelea kupanda, misonobari inaanza kuingia, mmoja hapa, mmoja pale, kwanza kwenye mabonde na upande unaotazama kaskazini ambako jua halikai. Juu zaidi mialoni inabaki nyuma. Kule kileleni ni misonobari mitupu, mirefu, ardhi chini yake ni laini kwa sindano zilizoanguka, na upepo ukipita inatoa sauti ambayo Mwalimu alijaribu kunifanyia kwa mdomo, akashindwa, akajaribu tena.

"Halafu," alisema, "ukisimama pale juu, pande zote unaona jangwa. Na mbali, ng'ambo ya jangwa, mlima mwingine wenye miti ileile. Haifikiani. Mti wa mlima huu hauwezi kushuka ukavuka."

"Ilifikaje basi?" niliuliza.

Akasema zamani sana dunia ilikuwa na baridi, na miti hiyo ilikuwa chini, tambarare yote ilikuwa msitu mmoja. Joto lilipokuja, miti ikapanda taratibu, kizazi baada ya kizazi, ikifuata ubaridi, mpaka kila kundi likajikuta peke yake kwenye kilele chake. Watu wa kazi yake huiita milima hiyo visiwa.

Hapo ndipo nilipomweleza kwetu. Kwetu ni Taita. Ukitoka Voi ni nyika tupu, mikonge na vumbi jekundu na tembo, kisha barabara inaanza kupinda, na kwa mwendo wa nusu saa uko kwenye ukungu, watu wamevaa sweta. Nilimwambia kwamba juu ya mawe ya kwetu kuna misonobari pia, na nilipokuwa mtoto tuliteleza juu ya sindano zake tukiwa tumekalia magunia. Aliniambia, kwa upole, kwamba misonobari ile ililetwa. Hakuna msonobari ulioota Taita kwa hiari yake. Kabla yake palikuwa na nini?

Sikujua. Niliona haya. Mimi ni wa pale, na sikujua.

Jumapili nilimpigia mama yangu. Alishangaa kwamba nimetumia simu ya ng'ambo kuuliza habari za miti. Lakini alianza kunitajia, mmoja mmoja, kwa Kitaita, majina ambayo mengine sikuwahi kuyasikia, na kila jina akaeleza mti ule ulikuwa wapi: ule pale shuleni kabla ya madarasa, ule kwenye chemchemi, ule ambao babu alisema usikatwe. Alitaja kwa muda mrefu. Mwishoni sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya msichana. Niliandika yote nyuma ya karatasi ya duka la dawa, na kesho yake nikamsomea Mwalimu, ambaye hakuelewa hata neno moja na alisikiliza yote.

"Wewe pia umetoka kisiwani," alisema.

Novemba hewa ilipopungua ukali, alisema anataka kwenda mlimani. Madam alisita, kisha akatutafutia dereva. Alikuwa mzee wa Kizanzibari, ingawa Zanzibar yenyewe aliiona mara chache. Babake ndiye aliyehama, naye amezaliwa na kulelewa Deira. Alikuwa na teksi yake ya kukodiwa na wateja anaowajua tu. Nilipomsalimia kwa shikamoo aliachia usukani, akanitazama vizuri, akaitika marahaba kwa sauti ndefu. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, safi, cha zamani, kama nguo iliyotunzwa sandukuni. Aliniambia nimwite Ami.

Tulikwenda Hatta mara tano au sita msimu ule, siku za Ijumaa. Njia inapita kwenye mchanga mwekundu, kisha mchanga unaisha na mawe yanaanza, meusi, yamechongoka, yasiyo na jani. Mara ya kwanza nilisikitika kwa ajili yake. Nilidhani amefunga safari yote hiyo kuja kunusa mawe. Lakini Ami alituingiza kwenye bonde moja nyuma ya mashamba ya mitende, akazima gari, na Mwalimu akashuka, akasimama. Kisha akaanza kutembea, mkono wake begani kwangu, akitazama pembeni kwa macho yake yale.

Akanituma nitazame upande wa kaskazini wa jiwe kubwa. Palikuwa na kimche cha mkunazi, majani matatu. Upande wa jua hapakuwa na kitu.

"Kivuli," alisema, kana kwamba amekutana na rafiki.

Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa kukimbia kutoka jiwe hadi jiwe nikimweleza. Kulikuwa na migunga mikavu iliyotandaza matawi kama meza, na chini ya meza hizo majani mengine madogo yamejificha. Kulikuwa na kinyesi cha mbuzi kila mahali. Akasema basi michipukizi mingi inaliwa kabla ya mwaka wake wa pili, na nilipotazama vizuri kweli niliona ncha zilizokatwa kwa meno. Nilichora kwenye daftari. Ami alikaa kwenye mkeka akatuwekea kahawa na tende, akitutazama kama mtu anayetazama watu wanaotafuta pete iliyopotea.

Mwalimu alimuuliza, kwa kupitia kwangu, juu kabisa kuna nini.

Ami akaeleza kwamba milima hii ya Hatta ni ya chini. Lakini alipokuwa kijana alimpeleka tajiri mmoja upande wa Oman, kwenye kilele kirefu cha safu hiihii, na kule, asubuhi, aliona barafu kwenye ndoo. Na kulikuwa na miti. Mizeituni ya mwitu, na mingine yenye magamba yanayochanika kama karatasi, imepindapinda, inanukia kama kabati la nguo. Watu wa kule walimwambia miti ile ni mizee sana na watoto wake ni wachache.

Nilitafsiri. Mwalimu aliuliza miti ile iko upande gani wa mlima, michache ni michache kiasi gani, magamba yake yana rangi gani. Ami akajibu alivyoweza. Kisha Mwalimu akachuma jani la mgunga, akalisugua kati ya vidole.

"Ni hadithi ileile," aliniambia. "Miti imepanda mlima mpaka pa kupanda pamekwisha."

Nilipomweleza Ami maneno hayo, na habari za visiwa, alitikisa kichwa akitabasamu. "Mwanangu," alisema, "mimi ndiye wa kisiwani, na sikupanda popote. Niko palepale Deira." Lakini njiani kurudi, jua likiwa mbele yetu na milima imegeuka zambarau kwenye kioo, alianza peke yake kutaja miti ya Unguja ambayo babake alikuwa akiitaja mezani: mdoriani, mshelisheli, mfenesi, mzambarau. Mwalimu alilala. Sijui kama nilisikia yote au mengine niliyaota.

Majira hayo ya baridi tulifika kwenye sanduku la mwisho. Juu yake palikuwa na kipande kinene cha kisiki, kimekatwa kama mkate. Ulikuwa msonobari uliokufa wenyewe, alisema, na alikata kipande hicho kwa msumeno kwa sababu ya makovu. Niliyaona. Ndani ya pete za kawaida kulikuwa na mahali ambapo mti umeungua upande mmoja, mweusi, na pete zilizofuata zimejikunja kufunika jeraha, kama mdomo unaofumbwa. Kisha jingine. Kisha jingine.

Alinieleza kwamba moto wa zamani ulikuwa mdogo. Radi inapiga mwanzoni mwa mvua, nyasi zinawaka, moto unapita chini haraka na kula sindano zilizoanguka, magamba mazito ya misonobari yanauvumilia, mialoni inaungua juu na kuchipua tena kutoka mizizini. Baada ya miaka michache unapita tena. Aliniomba nihesabu miaka kati ya kovu na kovu. Nilihesabu. Kisha nikaendelea kuelekea kwenye gamba, na nikagundua kitu ambacho hakuniuliza.

"Mwalimu, huku nje hakuna kovu."

"Pete ngapi?"

Nilimwambia. Zilikuwa nyingi kuliko zote zilizo kati ya makovu. Akasema ndiyo. Watu walikuja na mifugo ikamaliza nyasi, halafu wakaja wengine waliozima kila moto uliowaka, wakidhani wanaulinda msitu. Tangu hapo sindano zinaanguka na kurundikana, na miche imesongamana chini ya miti mikubwa kama ngazi.

"Nawe unaogopa nini?" niliuliza.

"Siku moto utakapopata ngazi hiyo," alisema.

Kijiti cha mwisho kilitoka kwenye mti wa juu kuliko yote, ukingoni mwa kilele, mahali penye mawe. Alikuwa ametoboa mara mbili, upande huu na upande ule. Nilikisoma cha kwanza, na kilinishinda. Kila nilipofika kwenye zile nyuzi tatu za ukame tulizozizoea, nilipata mbili. Kuanzia hapo kuelekea ndani kila kitu kiliachana na orodha yake kwa mwaka mmoja. Nilihesabu mara saba. Nilimwambia.

Mwalimu alisema nimekosea. Nikahesabu tena. Akasema tena nimekosea, na safari hii sauti yake ilikuwa na makali ambayo sikuyajua. Alisema labda macho yangu yamechoka. Alisema labda kazi hii inataka mtu aliyeisomea.

Niliweka hadubini chini. Nilikwenda jikoni nikaosha mchele. Niliosha mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa nimeambiwa maneno mazito zaidi ya hayo katika nyumba nyingine za Dubai na sikulia, lakini siku hiyo machozi yaliingia kwenye maji ya mchele, kwa sababu katika nyumba zile nyingine sikuwa nimekiamini kitu chochote nilichokifanya. Hiki nilikuwa nimekiamini.

Kesho yake hakuniita, nami sikwenda. Tulikula kimya. Madam alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kama kuna mtu mgonjwa.

Siku ya tatu Mwalimu akiwa amelala mchana, niliingia chumba kile peke yangu. Nilichukua kijiti cha pili, cha upande mwingine wa mti uleule, nikakipiga msasa kuliko nilivyowahi kupiga kingine chochote, nikakiweka kwenye mwanga. Nilifika kwenye ule ukame. Uzi wa kwanza. Uzi wa pili. Na hapo kati, kama unywele ulioanguka kwenye karatasi, uzi wa tatu, umefifia, ila upo. Nikarudi kwenye kijiti cha kwanza, mahali palepale. Hakuna. Nikarudi cha pili. Upo.

Nilimngoja aamke. Nilimletea chai, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikamweleza bila haraka nilichokiona: kwamba upande mmoja mwaka upo na upande mwingine haupo. Sikumwambia kwamba sikukosea. Nilimwambia nilichokiona tu.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Ndege ilipita, vikombe vikatetemeka, ikaenda zake.

"Mti ule haukuwa na chakula cha kutosha mwaka ule," alisema mwishowe. "Ulijenga upande mmoja. Upande mwingine ulilala mwaka mzima."

"Inawezekana?"

"Kwenye milima mikavu, kwenye miti iliyo ukingoni, inawezekana. Nimewafundisha watu hivyo miaka yote." Alitafuta kichwa changu kwa mkono, akakipata. "Nimewafundisha wengine, halafu nikakukatalia wewe uliyeuona. Nisamehe, mwanangu."

Neno hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili. Alikuwa amelisikia kwa Ami. Nilisema yamekwisha, na yalikuwa yamekwisha.

Tulimaliza hesabu Machi. Madam aliipiga chapa yote, nikimsomea kutoka daftarini, na ikaenda kwa yule mwanafunzi wa zamani. Kisha mambo yakaenda mbio. Mkataba wa madam haukurefushwa, wakaamua kurudi kwao. Mbao zile zilifungwa kwa mablanketi, nikafunga mimi mwenyewe, nikiwakataza watu wa mizigo wasizishike. Madam aliyetamani masanduku yatoweke alikaa nami sakafuni usiku mmoja kabla ya chakula, akashika kijiti kimoja akaninusisha, akacheka kwa aibu. Alinitafutia kazi kabla ya kuondoka, kwenye dobi la hoteli moja ya Deira, akahakikisha karatasi za kafeel mpya, yaani mdhamini wangu, zimekamilika. Uwanjani Mwalimu alinitazama sikio kwa muda mrefu. Tulikumbatiana, khalas, basi, wakaingia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni tena, madam aliniandikia kwenye simu kwamba mlima umeungua. Radi ilipiga kama inavyopiga siku zote, lakini moto haukupita chini. Ulipanda. Uliwaka siku nyingi. Alinitumia picha moja na nikaifunga haraka. Misonobari ya kileleni, ile niliyoijua kwa harufu na kwa miaka yake, ilikuwa imesimama myeusi kama nywele za brashi. Nilizunguka na habari hiyo kwa siku kadhaa, nikikunja mashuka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia ambaye angeelewa kwa nini nimefiwa. Mwishowe nilimpigia Ami. Alisikiliza. Akasema poleni sana, kwa wingi, kama inavyosemwa msibani, kisha akauliza kama ule mti wa ukingoni niliowahi kumsimulia nao umekwenda. Nikamwambia sijui.

Mwalimu mwenyewe alipiga simu mwezi wa Oktoba. Nilikuwa kwenye mapumziko ya mchana, ngazi za nyuma za hoteli, mvuke wa dobi ukitoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa imezeeka, ila ilikuwa na furaha iliyonishangaza. Mwanafunzi wake alikuwa amempeleka juu kwa gari, kadiri barabara ilivyofika, akamkalisha kwenye kiti. Majivu yalikuwa yameoshwa na mvua. Juu kabisa hapakuwa na kitu, alisema, na huenda pasiwe na kitu kwa maisha ya watu wengi. Misonobari haichipui kutoka mizizini, na mbegu zinahitaji mama karibu. Hakunificha hilo. Lakini walipokuwa wakishuka aliomba gari lisimame, akashuka, akapapasa.

"Mialoni," alisema. "Kila kisiki kimetoa machipukizi. Yamenifika magotini. Nimeyahesabu kwa mikono."

"Mangapi?" niliuliza, na nilisikia kwamba nimeuliza kwa sauti yake.

"Kisiki kimoja, ishirini na saba. Halafu nikachoka, mwanangu. Nikaketi katikati yake."

Aliniuliza habari za mama yangu, za mikono yangu na dawa za kufulia, kama Ami anaendelea kuendesha. Nilimjibu yote. Msimamizi alinionyesha saa kutoka mlangoni. Niliagana naye, nikaingia ndani, nikachukua ncha mbili za shuka, na mwenzangu wa Uganda akachukua mbili nyingine.